Kushuka Si Kugeuka: Maharagwe, Sabuni na Daftari Langu la Bei

Wanangu, sogeeni karibu, masikio yangu yamechoka lakini mdomo bado mzima. Juzi mjukuu wangu Shamimu alinisogezea simu yake hadi puani, hapa hapa nyumbani kwangu Mpumudde. "Haboba," akaniambia, maana sisi Wanubi ndivyo tunavyomwita bibi, "tazama watu wanavyofanya biashara siku hizi."

Nikavaa miwani. Nikaona mstari unapanda, unashuka kidogo, unapanda tena. Nikacheka mpaka kikohozi kikanishika. Alidhani nimeshangazwa na simu. Kumbe nilikuwa nimekutana na ndugu yangu wa zamani. Mstari ule niliuchora kwa penseli, kwenye daftari la hesabu la shule, nimekaa juu ya magunia, kabla mama yake hajaota meno.

"Sasa hapa ninunue au niuze?" akauliza.

"Kilele cha mwisho kiko wapi? Na bonde la mwisho?"

Hakujua. Alikuwa anatazama ncha ya mstari tu, kama mtu anayeendesha gari huku anatazama boneti. Nikamwambia awaite wenzake. Ndiyo maana mko hapa, na chai ipo, kwa hiyo msiwe na haraka.

Mimi ni Zainabu. Nilizaliwa Jinja. Babu wa babu yangu alikuja na jeshi kutoka Sudani, akabaki, na sisi tukabaki naye. Kazi yangu kwa maisha yangu yote ilikuwa kununua maharagwe Mbale na kuyauza Jinja. Vita vya kwanza, vile vya kumng'oa rais aliyetupendelea sisi Wanubi, vilipoisha na serikali yake ikaanguka, mume wangu alikimbia nchi kwa kuogopa kisasi juu ya kabila letu, na hakurudi. Nilibaki na watoto watatu, cherehani iliyoharibika, na magunia mawili matupu. Nikachukua magunia.

Niwaambie kosa langu la kwanza, kwa sababu nyinyi mnalifanya kila siku. Bei ya maharagwe ilipanda siku tatu za soko mfululizo. Kila mtu Mbale alikuwa anapiga kelele, "Nunua! Nunua!" Nami nikakimbia, nikauza cherehani kwa fundi aliyetaka vyuma vyake, nikajaza magunia sita. Wiki hiyo hiyo bei ikaanguka. Nikasema itarudi. Ikaanguka tena. Nikasema lazima irudi, kama vile nilikuwa nimeandikiana nayo mkataba. Fukusi waliingia kwenye maharagwe wakala hadi wakanenepa. Mwishowe niliwauzia watu wenye nguruwe, mimi Mwislamu, nikiwa nimegeuza uso upande.

Siku hiyo nilikuwa nimekaa nje ya ghala moja la kahawa la Mbale, nalia bila kujificha. Karani wa mizani akatoka. Jina lake Mzee Mafabi, Mgisu mrefu, mkimya, suruali yake imepigwa pasi ikanyooka, ingawa hatukujua pasi na makaa alivipata wapi wakati ule. Kazi yake ilikuwa kupima kahawa inayoshuka mlimani na kuandika bei kwenye ubao.

"Binti, nani amekufa?"

"Maharagwe, mzee."

Hakucheka. Aliingia ndani akatoka na daftari. Kumbe kila siku ya soko, baada ya kufuta ubao, alikuwa ananakili bei kwa faida yake mwenyewe: nukta moja kwa siku moja, kisha anaunganisha nukta. Alikuwa na miaka mingi mle ndani, kahawa, mahindi, maharagwe, yote. Akaniwekea kidole kwenye karatasi.

"Ulinunua wapi?"

Nikamwonyesha. Palikuwa juu kabisa, kwenye ncha.

"Sawa. Sasa niambie, siku ile ungejuaje kwamba hiki ni kilele?"

Nikafikiri sana. "Nisingejua."

"Hapo umesema kweli, na wengi hawajawahi kusema. Kilele hukijui ukiwa juu yake. Unakijua ukiona siku mbili kabla yake ziko chini, na siku mbili baada yake ziko chini. Bonde nalo ni vivyo hivyo: siku mbili kushoto ziko juu, siku mbili kulia ziko juu. Kabla ya hapo usiite kitu chochote jina."

"Lakini mzee, nikisubiri siku mbili za soko, nitakuwa nimechelewa."

"Utakuwa umechelewa," akasema. "Mimi nimechelewa maisha yangu yote, na sijawahi kulia nje ya ghala la mtu."

Kwa wiki kadhaa alinifundisha pale kwenye mizani, wakati wakulima wanashusha mizigo. Ukishaweka alama za vilele na mabonde, usitazame kitu kingine. Kilele kipya kiko juu ya kile cha zamani? Na bonde jipya liko juu ya lile la zamani? Basi bei inapanda, hata kama leo imeshuka. Vilele vinashuka na mabonde yanashuka? Basi inaanguka, hata kama leo imeruka na watu wanaimba. Kimoja kinapanda na kingine kinashuka? Basi haijui inakokwenda, nawe hujui, nenda kafue nguo. Hiyo ya kufua nguo ilikuwa yake, na mpaka leo ndiyo shauri la biashara lililonisaidia kuliko yote.

Nilinunua daftari. Kila siku ya soko nikaandika bei ya Mbale upande mmoja na ya Jinja upande mwingine. Wanawake wenzangu waliniona kama mganga.

Sasa hebu niwaambie jinsi daftari hilo lilivyotaka kuniua.

Wakati ule barabara ya kutoka Mbale kupitia Tororo ilijaa vizuizi vya askari. Nilikuwa nyuma ya lori, juu ya maharagwe, pamoja na abiria wengine. Tulipokaribia Iganga, tukasimamishwa, tukashushwa, mizigo ikafunguliwa. Askari mmoja akatoa daftari langu kwenye kikapu, akalifungua, akaita mkubwa wake. Yule afande alikuwa kijana bado, macho mekundu kwa vumbi. Alipindua kurasa taratibu.

"Hii ramani ya nani?"

Watu wote walirudi nyuma hatua moja. Nikabaki peke yangu barabarani.

"Si ramani, afande."

"Mimi naona vilima. Hapa kilima, hapa bonde, hapa kilima kingine kikubwa. Umeweka alama. Nani anakaa kwenye vilima hivi?"

"Ni bei ya maharagwe, afande."

"Bei ina vilima?"

Sikuwa na la kufanya ila kufundisha. Nilisogea, nikaweka kidole kwenye karatasi kama Mzee Mafabi alivyofanya, nikaeleza. Hii siku ya soko, hii ya pili yake. Hapa watu walinunua kwa pupa, hapa walichoka. Hiki kilele, kwa sababu siku mbili kila upande ziko chini yake. Nilipomaliza, aliinamia karatasi. Akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtoto wa mtu.

"Mama yangu ana magunia manne ya maharagwe kijijini. Ameniandikia barua kwamba bei imeshuka na anataka kuuza. Auze?"

Wanangu, fikirini. Nikikosea, mtu huyu ana bunduki na anajua barabara yangu. Nikikataa kujibu, daftari ni ramani. Nikatazama mstari. Bonde la mwisho lilikuwa juu ya lile lililotangulia, na kilele vivyo hivyo.

"Afande, bei imeshuka, lakini bado iko juu ya bonde la mwisho. Asiuze sasa. Ila ikishuka chini ya hapa," nikamwonyesha, "auze siku hiyo hiyo, asinisikilize mimi wala mtu mwingine."

Akaandika namba ile kwenye karatasi ya pakiti ya sigara. Akanirudishia daftari. "Pandeni," akasema.

Kwa mwezi mzima nilipita kizuizi kile nimefunika uso kwa kitambaa na kusoma kila dua ninayoijua. Siku moja lori likasimamishwa, nikasikia mtutu wa bunduki unagonga ubao wa pembeni. "Mama wa maharagwe yuko wapi?" Nikasimama nikiwa nimekufa tayari. Yule afande alikuwa anacheka hadi fizi zinaonekana. Mkononi ameshika kuku jike, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. "Mama anakusalimu. Alingoja, bei ikapanda, ameezeka nyumba." Kuku yule aliniharishia kwenye gauni mpaka Jinja, na sijawahi kupata zawadi tamu kama ile.

Lakini msidhani nilikuwa bingwa. Sifa hutia upofu. Baadaye kidogo mstari wangu ulianza kupanda tu. Kila siku ya soko juu, juu, juu, hakuna mabonde. Nikaongeza karatasi kwa gundi ya uji juu ya daftari ili mstari upate nafasi. Nilitembea sokoni Mbale kama mke wa waziri.

Aliyenishusha ni Nambozo. Huyu alikuwa anauza maharagwe kwenye meza iliyo jirani na ile niliyokusanyia mzigo wangu, na hakunipenda, na hakuficha. Askari walikuwa wamechoma nyumba yake na kuchukua mbuzi wake wakati wa vita, na walipokuwa wanafanya hivyo walikuwa wanaongea Kiswahili kama changu. Mimi nilijitahidi kuongea naye Lumasaba, lugha yao Wagisu, ingawa kwa ubovu, lakini akinitazama alikuwa anasikia sauti zao. Siku hiyo nilikuwa najisifu na karatasi yangu ndefu. Akaniambia bila kuinua uso:

"Wewe na milima yako. Mwaka jana debe moja la maharagwe lilininunulia miche minane ya sabuni. Leo linanunua mitano. Hapo kuna kupanda gani?"

Nilirudi kwenye kiti changu, nikawauliza wauza sabuni bei zao za zamani, nikachora upya: siyo shilingi ngapi kwa debe, bali miche mingapi ya sabuni kwa debe. Mstari uligeuka mbele ya macho yangu. Vilele vinashuka, mabonde yanashuka. Maharagwe yalikuwa yanaanguka, ila shilingi ilikuwa inaanguka haraka zaidi, kwa hiyo mimi kwenye karatasi nilikuwa tajiri. Niliuza yote niliyokuwa nayo wiki hiyo na kununua sabuni, na sabuni ile ndiyo iliyolisha watoto wangu kipindi kigumu kuliko vyote. Nilimpelekea Nambozo miche mitatu. Alikubali miwili.

Mzee Mafabi nilipomweleza, akatoa daftari lake na kuandika kwenye jalada neno moja: sabuni. Na serikali mpya ilipokuja kukata sifuri mbili kwenye pesa, wafanyabiashara waliokuwa wameiga michoro yetu waliona mstari umeanguka kutoka mlimani hadi sakafuni kwa siku moja, wakauza kwa hofu. Sisi wa sabuni tuliendelea kunywa chai. Kwa hiyo Shamimu, kabla hujaniuliza bei inakwenda wapi, niambie umeipima kwa kitu gani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliringia mpaka kesho.

Vita vya pili vilivyofuata vilikuwa vimetulia upande wetu. Barabara zilifunguliwa, shule zikafunguliwa, watu wakaanza kupanda mashamba waliyoyaacha. Mbale tulikuwa wanawake kumi na mmoja wenye maharagwe, na mnunuzi wetu alikuwa mmoja tu, Bwana Isabirye wa Bugembe, hapo karibu na Jinja, mwenye malori mawili; hata mimi siku hizo nilimuuzia yeye, kwa kuwa malori mengine yalikuwa adimu. Alikuja asubuhi moja, ameweka kalamu sikioni, na uso wa mtu aliyefiwa.

"Mama zangu, Jinja bei imeanguka. Imetoka miche tisa hadi saba." Naye alikuwa amejifunza kuhesabu kwa sabuni, tulimfundisha wenyewe. "Ikifika wiki ijayo mtakula maharagwe haya nyinyi na ng'ombe wenu. Niuzieni leo kwa mitano, niwasaidie."

Wanawake wakaanza kufungua magunia. Nambozo alikuwa wa kwanza, maana mvua zilikuwa zinakaribia na alikuwa bado analala chini ya nyasi na turubai. Alitaka mabati.

Nikafungua daftari. Bwana Isabirye hakusema uongo. Bei ilikuwa imeshuka kweli. Lakini nikatazama nyuma. Bonde la kwanza lilikuwa miche mitano. Kilele, minane. Bonde la pili, sita. Kilele, tisa. Sasa tuko saba. Saba bado ni juu ya sita.

"Msiuze," nikasema.

Nambozo akasimama na kisu cha kukatia kamba mkononi. "Kwa nini nikusikilize wewe?"

"Usinisikilize mimi. Tazama hapa. Ikishuka chini ya sita, nitakuwa wa kwanza kumkimbilia Bwana Isabirye, na nitamuuzia ya kwangu kwa bei yoyote. Lakini kushuka si kugeuka. Mpaka ivunje sita, bado inapanda."

"Na nikinyeshewa?"

"Mvua itakukuta ndani ya nyumba yangu. Njoo na watoto."

Alichomeka kisu kiunoni. Kisha akafunga gunia. Wengine wakafunga. Bwana Isabirye akaondoka na malori matupu, akisema tutamtafuta.

Siku ya soko iliyofuata nilikwenda Jinja na kurudi na habari: miche sita na nusu. Niliisema kwa sauti, sikuficha. Wanawake wawili walilia. Mmoja aliniita jina ambalo sitalirudia mbele ya watoto. Siku hizo sikulala. Nilijua nikikosea sitarudi Mbale tena, na kila Mnubi atakayekuja baada yangu atalipia. Siku hiyo hiyo mvua ya kwanza ilinyesha. Nambozo alikuja kwenye nyumba niliyopanga Mbale na watoto wanne, godoro kichwani. Tulipika, tukala.

Siku ya soko iliyofuata: saba. Iliyofuata: minane. Nikahesabu kwa vidole: siku mbili kushoto ziko juu, siku mbili kulia ziko juu. Sita na nusu ni bonde, na ni bonde lililo juu ya lile la zamani. Nilikwenda ghalani kwa Mzee Mafabi nikamwekea daftari mezani. Akavaa miwani, akasoma, akaivua. "Sasa liite jina," akasema.

Wiki iliyofuata Jinja ilifika miche kumi. Ilikuwa imepita kilele cha tisa. Bwana Isabirye alikuwa mbioni kuja Mbale, kalamu imeanguka sikioni, akipiga kelele dirishani mwa lori kwamba atatupa minane, sisi mama zake wapenzi. Lakini sisi tulikuwa tumeshakodi lori la kahawa lililokuwa linarudi Jinja tupu, na kumi na mmoja sote tulikuwa juu yake na magunia yetu. Tulipompita barabarani, alikuwa anatupungia mkono tusimame. Nambozo alisimama juu ya maharagwe, akaweka mikono mdomoni kama tarumbeta, akapiga kelele kwa Kiswahili, mara ya kwanza kumsikia akikitumia, "Kwaheri bwana! Wasalimie ng'ombe!"

Tuliuza Jinja kwa miche kumi. Baadaye ilifika kumi na moja, na kuna waliosema tumeharakisha. Sikujuta hata dakika moja. Hatukuwa tunatafuta kilele, tulikuwa tunatafuta mabati, na mabati yalipigwa misumari kwa Nambozo wiki hiyo, watoto wake wanacheza chini yake kusikia mvua inavyogonga bila kuwafikia. Nilikuwa nimekaa nao humo ndani. Alinipa uji, akaketi karibu yangu hadi mabega yakagusana.

Mwaka uliofuata tulipanga ghala letu wenyewe Mbale. Ukutani tulipaka rangi nyeusi tukachora miraba kwa chaki, na kila siku ya soko Nambozo ndiye aliyeweka nukta, maana mkono wake ulikuwa imara kuliko wangu. Wakulima walishuka mlimani kuja kutazama ukuta kabla ya kuuza. Wanawake waliokuwa hawajui kusoma jina lao walikuwa wanabishana kama hiki ni kilele au bado.

Asubuhi moja, katikati ya msongamano huo, lori likasimama nje. Bwana Isabirye akashuka, akavua kofia mlangoni. Alitaka kujua kama anunue sasa au angoje. Wanawake wote wakageuka kunitazama. Mimi nikamtazama Nambozo, aliyekuwa amesimama mbele ya ukuta na chaki.

"Karibu, bwana," Nambozo akamwambia. "Tunamfundisha kila mtu. Lakini foleni inaanzia kule nyuma, kwa wale bibi."

Bwana Isabirye akaenda nyuma, akakaa juu ya gunia kati ya bibi wawili, akaazima penseli.